Kathembo, Mwana wa Tano wa Zimwi

Kila siku ya soko Kaswera alibandika katuni mpya kwenye mlango wa duka la fotokopi la Tsongo, pale Bwera, upande wa Uganda mpakani na Kongo, na watu wakaacha kuchagua vitunguu wakaja kucheka. Katuni zake hazikuheshimu hadithi hata moja ya bibi. Zimwi lake liliogopa damu, likashindia maharage. Binti mfalme alikataa kuokolewa kwa sababu hajamaliza kupalilia. Mwana wa mfalme alifika kwa bodaboda, akaambiwa asubiri nje.

Zimwi lilikuwa na wana saba. Kaswera aliwapa majina kama mzazi yeyote wa milima hii, kwa zamu ya kuzaliwa, na mvulana wa tano huitwa Kathembo, apende asipende. Kathembo wa katuni alikuwa mvivu wa kutupwa. Mafuriko yaliingia nyumbani, yeye amelala. Simba aliingia jikoni, yeye amelala.

Sasa, katika mji uliojaa wavulana wa tano, ungetegemea nini? Walipochekwa wengine, waliona tamu. Wake zao walipoanza kuwaita wana wa Zimwi, wakakumbuka kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ijumaa moja ya mwaka 2016 wakaja akina Kathembo kumi na mmoja, wakiongozwa na muuza nyama, pande la mtu, kisu bado mkononi.

"Wewe mama, hiyo Kathembo ni mimi!" alifoka. "Leo uchore mamba ya maji ya Katunguru imukule, tumalize."

Tsongo, asiyependa ugomvi mbele ya wateja, akamgeukia Kaswera. "Mutoe tu, dada. Ama utafute mulango ingine."

Tangu avuke mpaka kutoka Butembo, Kongo, Kaswera alikuwa amefukuzwa kwenye milango miwili, na huu ulikuwa wa mwisho. Hata hivyo akasimama mbele ya katuni yake, mikono kiunoni.

"Sitamuua," alisema. "Kathembo ni ndugu yangu, wa tano kwetu. Aliendaka shamba, upande ya Beni, kule wanauaka watu. Mwaka ya mbili sasa, hatuyamuona. Alikuwa muvivu kabisa, mama alikuwa anamumwangia maji ndiyo aamuke." Hakuwahi kulisema hilo Bwera, lakini macho hakuyainamisha. "Watu wanasema amekufa. Kwa karatasi yangu, amelala. Munifukuze hapa, nitabandika kwa muti. Lakini hapana mutu atamuua."

Muuza nyama alifuta kisu kwenye aproni yake, akasogea, akamtazama yule mvivu wa karatasi kwa muda mrefu. Aliona haya, na haya haimkai vizuri mtu mkubwa kama yule.

"Basi muamushe," alibembeleza. "Afanye kazi kidogo tu, na sisi tupumue."

"Ataamuka akirudi."

Nyuma mmoja alicheka, wenzake wakamkazia macho akanyamaza. Muuza nyama akainama zaidi kwenye karatasi.

"Lakini mama," alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "unamulaza hivi tu, bila kitu? Huku kwa mulima iko baridi. Mufunike."

Kaswera akatoa penseli. Wale kumi na mmoja wakasogea kutazama, na yeye akamchorea Kathembo blanketi mpaka mabegani.