Kisulisuli Chapewa Jembe

Yumna alikuwa akigeuza karafuu kwenye jamvi, asubuhi, kanga kaikaza kiunoni, kisulisuli kilipoingia uwanjani kwake na kusimama karibu na banda la kuku. Kilikuwa kirefu kama mnazi mchanga, chembamba chini, kipana juu, na kilijaa vumbi la safari. Hakuna karafuu iliyotikisika.

Yumna hakuogopa. Aliona haya. Jana yake tu, kwenye darasa la jioni la watu wazima, alisimama na chaki mkononi akawaeleza wenzake kwamba vimbunga vya namna hii vina kwao. Marekani huzuka kwa mamia kila mwaka, alisema, lakini kinachotajwa kuua watu wengi kuliko vyote kilipiga Bangladeshi mwaka themanini na tisa; wakafa kiasi cha elfu moja na mia tatu, kwa kuwa nyumba zilikuwa dhaifu na hakuna aliyewaonya. Akamalizia kwa madaha, akijipangusa chaki: "Pemba havifiki." Wenzake wakampigia makofi. Na yeye akajipigia kidogo, moyoni.

Bi Kazija, mama mkwe wake, alichungulia mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "mgeni wako kafika. Au huyu jana hakuhudhuria?"

"Hiki kidogo, mama. Hakimo kwenye somo."

"Basi kikaribishe hivyo hivyo."

Kikakaribishwa. Kililetewa kahawa, kikaizungusha mpaka ikapoa, kikanywa. Laila, binti yake Yumna wa miaka minne, alikiamkia "chei chei" kama alivyofunzwa, nacho kikamjibu kwa kumpepea ncha ya mtandio. Kilipopata raha kikazungumza, kwa sauti ya bati linalokwaruzwa. Kilisema wazee wake wamesingiziwa mengi tangu dunia iumbwe.

"Sie twapita tu," kilisema. "Mapaa ndiyo yauwayo."

Yumna alitaka kubisha, kisha akakumbuka kwamba ndivyo alivyosema mwenyewe jana, ila yeye alikuwa na chaki.

Kesho yake kilimsindikiza Laila chekechea. Jengo lilikuwa jipya, mabati yang'aa, zulia la sherehe ya ufunguzi bado lanukia udi. Kilipofika kililinyanyua paa zima, taratibu, kama mtu anavyonyanyua kawa juu ya sinia aone kama chakula kimetosha. Watoto walitazama mbingu, wakaendelea na herufi. Hakuna msumari uliong'oka, kwa sababu haukuwapo. Paa lilishikiliwa na mawe. Kisulisuli kikalirudisha, kikapanga na mawe yake, kila moja mahali pake.

Watu wakakusanyika. Abdulsamad, mwenyekiti wa ujenzi, alikuja kwa miguu, maana kwake ni ng'ambo ya njia tu. Nyumba yake nayo ilikuwa mpya, na paa lake lilipigiliwa misumari hata mjusi hapati pa kuchungulia. Watu waliitazama nyumba ile kwa muda, kisha wakatazama viatu vyao.

"Mzee Abdulsamad," Yumna alisema, "mwanangu yumo humu kila siku. Misumari iko wapi?"

"Misumari ni mambo ya nchi zenye vimbunga, mwanangu. Na wewe mwenyewe umefundisha kwamba Pemba havifiki. Habari za darasa zimenifikia, mashaallah."

"Lakini si hiki hapa!"

"Hicho mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Watu wakashusha pumzi. Methali imepatikana, mkutano umekwisha. Ikaamuliwa kisulisuli kipewe kazi ya kukaa juu ya paa la chekechea, kulikandamiza lisiruke. Kilikubali. Kilikuwa kimechoka kutembea.

"Usinune," Bi Kazija alimwambia Yumna njiani. "Wenzio husoma wakapata kazi. Wewe umesoma, ukamtafutia kazi upepo."

Yumna alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Darasani alilisahihisha somo lake: Pemba kipo kimoja, na kimeajiriwa. Hakuna aliyeuliza swali. Kila akikutana na Abdulsamad humkumbusha misumari, naye humwuliza, "Kwani upepo umelalamika?"

Haujalalamika. Asubuhi Yumna humpeleka Laila na kuacha kikombe cha kahawa juu ya ukuta, na kikombe huzunguka, kikabaki kitupu. Siku moja alisimama chini ya paa, mtoto mkononi, akakiuliza kisulisuli kitakaa mpaka lini.

"Sie twapita tu," kilijibu, kwa upole.

Yumna akamtengeneza Laila mtandio, akambusu kipajini, akamwingiza darasani.