Turubai la Parokia

Séraphine alikuwa mtunza maktaba wa shule moja ya sekondari mjini Kalemie, na tangu afike kutoka Manono hakuna mtu aliyewahi kuketi naye kwa hiari yake. Si kwamba alichukiwa. Kalemie haina muda wa kumchukia mgeni mpole, inamwacha tu. Wanafunzi walimwita Madame, prefe aliyeongoza shule alimwita Citoyenne kama serikali ya Zaire ilivyotaka miaka ile, na jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akala, akaosha sahani moja.

Mwezi wa tano alipata habari kwamba mama yake amefariki huko Manono. Habari yenyewe ilikuja na dereva wa lori, ikiwa imechelewa, mazishi yamekwisha. Kwao mfiwa haachwi peke yake hata kidogo: watu hujaa uani, hulala chini pamoja naye, humlisha kwa lazima. Sasa Séraphine angemwambia nani? Mwenye nyumba? Prefe, ili ampe pole akiwa amesimama mlangoni, jicho kwenye saa? Alinyamaza. Kesho yake akafungua maktaba kama kawaida, akapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari, akalia nyuma ya kabati la kamusi, mahali ambapo hakufika mtu.

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka watu waje, waketi, wawe karibu naye japo kwa muda mfupi. Na kwa kuwa hakuwa na kitu cha kumkaribishia mtu isipokuwa vitabu, akaanzisha Alasiri ya Kusoma shule ilipofunguliwa tena mwezi wa tisa.

Ya kwanza aliipanga Alhamisi. Alhamisi, maskini, ilikuwa siku ya mazoezi ya animasyo, zile ngoma na nyimbo za kukisifu Chama ambazo shule nzima ililazimika kucheza. Nani atatulia na kitabu wakati wenzake wanakata kiuno kwa amri ya serikali? Séraphine alivisomea viti kwa sauti, ngoma zikimjibu kutoka uwanjani. Ya pili walikuja wasichana wawili waliokuwa wakikwepa mazoezi, wakalala usingizi mzito, na yeye akapunguza sauti asiwaamshe. Ya tatu hakuja mtu, na hata yeye hakusoma.

Basi akaamua kualika mtaa mzima, Jumapili baada ya misa. Aliandika tangazo kwa herufi za kupendeza, akalibandika kwenye ubao wa ndani ya shule, ambako watu wa mtaa hawakanyagi. Ndivyo walivyo watu wa vitabu. Maktaba ilikuwa ndogo na yenye joto, hivyo alitaka kivuli cha nje. Akaenda parokiani kwa Papa Gaspard, katekista mwenye funguo za stoo, akaomba turubai la kutumia Jumapili.

Hapo ndipo ugeni ulipomponza. Turubai la parokia, lile lenye kiraka cha bluu ambalo mtaani waliliita bashi, lilijulikana na kila mtu. Wenye harusi walikodi mahema kwingine. Hili lilitoka stoo kwa ajili ya matanga tu, na aliyekuja kuliomba haulizwi maswali, maana maswali humwongezea uchungu. Papa Gaspard aliinamisha kichwa, akamkabidhi, akamshika mkono kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuwaarifu watu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Séraphine aliondoka akisema moyoni kwamba watu wa hapa, kumbe, si wagumu.

Jumapili alilifunga turubai mbele ya mlango wa maktaba, akapanga mabenchi, akatandika mikeka. Alitaka pia pawe na sura ya sherehe, hivyo akakata matawi ya mchikichi na kuyalaza kando ya barabara, kama walivyofanya kwenye shule aliyosoma yeye walipotarajia wageni. Katika mtaa ule matawi kando ya barabara yalimwambia mwenye baiskeli ashuke na mwenye redio aizime. Na chini ya turubai, peke yake mkekani, mwanamke amejifunga kitambaa cheusi kwa sababu ndicho kilichokuwa kisafi. Ungepita wewe, usingeingia?

Waliingia. Walikuja kwa makundi, taratibu, wanawake wakivua viatu na kukaa mikekani, wanaume wakijaza mabenchi. Huyu kaleta kuni, yule mkaa. Mama Domitille, anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, karibu na lango la shule, alitua beseni la unga wa muhogo na kuketi bega kwa bega na Séraphine, karibu kiasi kwamba Séraphine alisikia joto la mkono wake. Furaha ilimjaa. Unga! Kwa ajili ya kusoma! Alijilaumu kwa kuwadhania vibaya watu wa mji huu.

Akainuka, akagawa vitabu. Watu walivipokea kwa mikono miwili na kuvilaza magotini bila kuvifungua, wakidhani ni vya sala. Papa Bonaventure, fundi cherehani, alivaa miwani, akafungua katikati, akakutana na picha ya mfumo wa kusaga chakula wa ng'ombe, akashusha pumzi ndefu na kukifunga.

Séraphine akaanza kusoma hadithi aliyoichagua kwa wiki nzima, ya mbuzi aliyekula kofia ya hakimu. Alisoma vizuri. Alifika pale hakimu anapomfukuza mbuzi akiwa kichwa wazi, akanyamaza kidogo ili watu wacheke. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Mwanamke mmoja alikuwa anafuta machozi.

Mama Domitille alimgusa goti. "Mama, pole sana. Nani njo amekufa?"

"Amekufa?"

"Tunamulia nani? Hatuyajua jina."

Séraphine alitazama unga, kuni, vichwa vilivyoinama, na ghafla akaelewa kila kitu. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alikuwa na jibu, jibu la kweli kabisa, lakini wakati ule aliona kwamba hawakuja kwa ajili yake wala kwa vitabu vyake, na ukaidi ukamshika.

"Hakuna muntu amekufa," akasema. "Nimewaita kusoma."

Vichwa vyote vikainuka kwa pamoja.

"Kusoma?" Papa Bonaventure alisimama. "Bashi ya matanga unaifunga juu ya kusoma? Na majani ku njia?"

"Anaita kifo ku masomo ya batoto betu!" mwanamke mmoja alisema, huku akitafuta viatu vyake.

"Tuende, tuende."

Walirudisha vitabu juu ya mabenchi, kwa adabu, hilo lazima lisemwe. Wakabeba kuni zao na mkaa wao. Muda si muda Séraphine alikuwa amebaki na mikeka, na neno alilolisema likaanza kumchoma. Hakuna mtu aliyekufa. Amemkana mama yake mzazi mbele ya watu, kwa ajili ya mbuzi na kofia.

Mama Domitille alirudi mbio kuchukua beseni alilolisahau. Alikuwa ameinama kulinyanyua Séraphine aliposema, bila kumtazama:

"Mama yangu njo alikufa."

Domitille akabaki ameinama. "Lini?"

"Mwezi ya tano. Kule Manono. Nilisikia bamekwisha kumuzika."

"Na matanga?"

"Sikuweka."

"Miezi yote hii? Juu ya nini haukusema?"

"Ningemwambia nani, mama?"

Domitille aliweka beseni chini. Alimtazama kwa muda, kama anayemwona kwa mara ya kwanza mwanamke aliyepita mbele ya ndagala zake kila asubuhi.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Ngoy."

Domitille alifungua kilemba chake, akajifunga kiunoni, akatoka mpaka barabarani, akasimama katikati ya matawi. Watu walikuwa bado hawajafika njia panda, wakinung'unika. Akaweka mikono kichwani na kuipandisha ile sauti ambayo hakuna mtu wa Kalemie anayeweza kuipa kisogo.

"Mama Ngoy ee! Ngoy wa Manono ee! Mutoto umemuachia nani?"

Huko mbele hatua zikasimama. Papa Bonaventure ndiye wa kwanza kugeuka. Kisha wale wenye kuni, kisha wenye mkaa, wote wakarudi haraka kuliko walivyokuja, wanawake wakiitikia jina lile kabla hawajafika. Séraphine alifungua kinywa aombe radhi, kilio kikatoka badala yake, na safari hii walikuwepo watu wa kumshika.