Kanisa Lililomfuata Mama Klara

Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1963 kando ya ziwa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Chato. Kila kaya iliagizwa matofali mia mbili ya kuchoma. Apolonia, aliyeitwa pia Mama Klara, mke wa pili wa Maige, alifyatua mia tisa, maana udongo wa kwake ulikuwa mzuri na yeye hakujua kufanya kazi nusu. Ukuta wa altareni ulikuwa wake wote.

Hakubatizwa. Katekista Pantaleo alimweleza bila ukali kwamba mke wa pili hubatizwa akishaachana na mume. Apolonia alikuwa na watoto sita na Maige, wala hawakuwa na ugomvi. Basi kila Jumapili alikaa nje, chini ya dirisha, akiitikia sala kwa sauti kubwa kuliko walioko ndani. Alichotaka ni kimoja tu, azikwe pamoja na Wakristo, na jambo hilo lilimnyima raha.

Mwaka 1974 watu walihamishiwa kijiji kipya, maili nne kutoka ziwani. Apolonia akapewa kiwanja cha mwisho kabisa, pembeni ya mbuga. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kanisa likafika. Lilikuja polepole kwa njia ya ng'ombe, likakwepa shamba la pamba bila kukanyaga mche, likatulia mbele ya nyumba yake. Bati moja lilikuwa limelegea.

“Mwangaluka, Mama Klara,” Pantaleo alimwamkia, akitafuta nyundo. “Naona limekufuata wewe.”

“Limechoka, Katekista. Liache lipumzike.”

“Jumapili utakaa pale pale dirishani.”

“Najua.”

Apolonia alifariki ghafla mwaka 1981, akipalilia mihogo, hivyo hakuna aliyewahi kumbatiza. Walimzika nyuma ya kanisa, nje ya ua wa minyaa, maana ndani yake walizikwa waliobatizwa tu. Pantaleo alilia sana, maana alimpenda kama dada yake. Lakini sheria ni msumeno.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa bado wanaamkiana mlangoni, kanisa lilirudi nyuma hatua ishirini, likavuka ua, likakaa. Kaburi likawa ndani, mbele ya altare. Watu wakaingia, akina mama upande wao, akina baba upande wao.

Pantaleo aliagiza chokaa. Akachora mstari kulizunguka kaburi, akaupitia mara ya pili usifutike upesi, kisha akawatangazia waumini kwamba ndani ya mstari huo ni nje ya kanisa.