Namba ya Kigali

Verediana aliishika kadi ya simu kwa ncha za kucha mbili, kama mtu anayetoa chawa kwenye shati la mwenzake, akairudisha juu ya meza ya kioo ya Abbasi. Ilikuwa laini yake mwenyewe, ya miaka kumi na miwili, ambayo nusu ya walimu wa Ngara waliijua kichwani na kuiogopa. Abbasi alikuwa ameichomoa aifute vumbi, na sasa alitaka kuirudisha na kuifungulia huduma ya kutumika nje ya nchi. Verediana alibinua midomo. Anakwenda Kigali siku kumi, kwenye mkutano wa maafisa elimu wa nchi tano, halafu aonekane na namba ya Ngara?

Abbasi alikuwa fundi na muuza simu, mtu mpole ambaye babu yake alikuja na mitumba ya nguo kutoka Pangani na asirudi. Alimweleza taratibu. Laini ya nyumbani, kwa ukongwe wake, lazima ifunguliwe hapahapa dukani. Akishavuka daraja la Rusumo haitashika kitu. Laini ya kule ataipata kulekule kwa pasipoti yake, nafuu na yenye intaneti tele, ila namba itakuwa mpya. Na simu ya mama afisa ilikuwa ya laini moja tu, hivyo hana budi kuchagua. Verediana aliijua vizuri simu yake. Aliinunua ya laini moja kwa makusudi, kwa kuwa za laini mbili, kwa maoni yake, zilikuwa za wachuuzi.

"Mama yako je?" Abbasi aliuliza. "Namba mpya atapokea?"

Hapo inabidi tumtaje Bi Francisca, mama yake, aliyekuwa akiishi kule Mabawe kwenye migomba ya marehemu mumewe. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikwisha, la kulia lilibaki na ukungu ambao ndani yake watu walipita kama nguo zilizoanikwa. Miaka miwili nyuma, tapeli mmoja alimpigia akajifanya mjukuu aliyelazwa, akamkomba fedha zote za kahawa. Verediana alikuja mbio kutoka mjini. Pole hakutoa. Alimfokea mama yake uani, majirani wakisikia, kisha akaipeleka simu ya mama kwa Abbasi, wakaitegea mlio wa jogoo uwike kwa namba moja tu, namba ya Verediana. Amri ikatolewa: akiwika jogoo, pokea; kikilia kitu kingine, huyo ni mwizi, mwache alie mpaka achoke.

Amri hiyo Verediana hakuisahau. Hakuamini tu kwamba ilifuatwa. "Mama anapokea chochote kinacholia," alimjibu Abbasi. "Angekuwa na akili ya kushika maagizo asingeibiwa."

Tusimwonee Verediana, akili alikuwa nazo. Shida yake ni kwamba aliamini Mungu alipomaliza kumgawia yeye, kapu lilibaki tupu.

Jioni hiyo alipitia Mabawe kuaga. Lililokuwa mbele lilikuwa kubwa, na wote walilijua: madaktari wa macho walitarajiwa hospitali ya wilaya wakati wowote ndani ya majuma mawili yale, na Jovitus, tabibu aliyesoma naye, alikwisha kumwandika Bi Francisca kwenye orodha. Siku yenyewe ikijulikana, Jovitus angemjulisha Verediana, naye angempigia mama. Jicho moja lilikuwa bado la kuokolewa. Mwaka uliopita madaktari hawakufika kabisa, na jicho lililobaki lisingengoja kila mwaka.

"Usimsikilize mtu yeyote," Verediana alimwamuru. "Utakaa hapahapa mpaka nipige mimi."

Bi Francisca aliitikia. Mfuko wake ulikuwa tayari chini ya kitanda, na kitenge kipya kimekunjwa juu yake.

Wakati wa kutoka alikutana na wifi yake Domisiana, mjane wa kaka yake, anayeishi nyumba ya pili na kuuza maharage katika minada ya pande zote mbili za mpaka. Mwanamke huyu alikuwa na laini za nchi tatu, zimefungwa kwenye pindo la kanga pamoja na kipande cha karatasi kuonyesha ipi ni ipi. Alimshauri asihangaike: aichukue simu yake ndogo ya vitufe, kiswaswadu kile, aweke humo laini ya nyumbani akishaifungulia kwa Abbasi, na hiyo kubwa aitie laini ya Kigali. Yeye ndivyo afanyavyo. Tena akikwama kwa lolote kuhusu Mama, ampigie yeye.

Verediana aliitazama simu ile. Mfuniko wa nyuma ulishikwa kwa mpira.

"Wifi," alisema, "nikishindwa kuzungumza na mama yangu mzazi, sitamtafuta muuza maharage anitafsirie."

Domisiana aliifuta simu kwa kanga, akairudisha kifuani.

Ng'ambo ya mto Verediana alinunua laini yake. Alichagua namba yenye tarakimu zinazofuatana vizuri, akaiandika nyuma ya kadi zake za jina, arobaini, kwa kalamu ya wino. Ubaya ni kwamba kule mkutanoni hakuna aliyeiomba. Watu walikuwa wakitafutana kwa WhatsApp, na WhatsApp yake ilibaki palepale kwenye namba ya Ngara, kundi la mkutano likamwingiza kwa namba hiyohiyo aliyoionea aibu. Kadi arobaini zilikaa mkobani. Namba ya Kigali, yenye tarakimu nzuri, ikapiga simu kwa mtu mmoja tu.

Ujumbe wa Jovitus ulifika kwa WhatsApp hiyohiyo Jumatatu mchana. Madaktari wameshawasili. Mama afike Jumatano asubuhi. Alhamisi saa sita wanafunga vifaa na kuondoka. Verediana alitoka ukumbini akapiga. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Aliona aibu kwa niaba ya mama yake, kizee kisichojua hata kubonyeza kitufe kimoja cha kijani, akarudi kwenye kiti chake.

Jumanne alipiga mara nne. Sasa alikuwa amekasirika. Alijisemea kwamba mama ameiacha simu jikoni, au ameiacha ife chaji, ingawa simu iliyokufa haiiti na yeye alilijua hilo. Jovitus aliuliza kama mgonjwa amejiandaa, naye akamjibu kwamba amejiandaa kabisa. Jioni alipiga moyo konde akairudisha laini ya nyumbani. Alizunguka nayo chumba kizima cha hoteli, akaitoa hadi kibarazani, akainyanyua juu. Haikushika kitu, kama alivyoambiwa. Akaichomoa.

Na pale kitandani, laini zote mbili zikiwa kiganjani mwake, lile alilolikwepa tangu Jumatatu likamjia bila kubisha hodi. Labda mama alikuwa ameshika maagizo. Labda hivi sasa amekaa na simu mapajani, anausikia mlio wa mwizi, na anaitii amri. Dawa ilikuwa moja na aliijua: ampigie Domisiana. Namba yake alikuwa nayo. Aliifungua, akaitazama. Akayakumbuka maneno yake pale mlangoni, akawaza jinsi yule mwanamke atakavyofurahi. Kesho, alijiambia, mama atapokea kesho.

Jumatano hakupokea.

Alhamisi saa tano na nusu kwa saa za nyumbani, Verediana alisimama katikati ya hotuba ya mtu, akatoka, akampigia Domisiana. Domisiana alikuwa mbali, Nyamahanga huko Biharamulo, ameshika kamba ya gunia kwenye mizani. Hakucheka. Hakusema nilikwambia. Alisikiliza, akauliza saa ngapi madaktari wanafunga.

"Ungenipigia Jumatatu, wifi," alisema, "ningekuwa nyumbani Jumanne."

Alimwachia jirani wa mnadani magunia yake akaondoka kwa pikipiki hadi njia kuu. Mabawe alifika usiku. Madaktari walikuwa wameshafika wilaya nyingine.

Verediana alirudi Jumatano iliyofuata. Njia nzima kutoka Rusumo alitunga maneno. Mtandao ulikuwa mbovu, Jovitus alichelewa, wale watu wa ng'ambo nao na simu zao. Kila uongo ulikuja umevaa vizuri, na kila mmoja aliudharau kabla haujamfika mdomoni. Alizoea kuwadharau wengine, kazi nyepesi isiyomchosha. Hii ya kujidharau mwenyewe ilikuwa mpya kwake, na hakuijulia.

Domisiana alimpokea uani, akamvuta pembeni. Alimweleza kwamba siku ile ya Jumatano mwenyekiti wa jumuiya alipita na gari la kanisa likichukua wagonjwa wa macho, wakamsihi Mama apande. Mama alikataa katakata. Binti yangu amesema nisimsikilize mtu, aliwajibu, mpaka awike jogoo wake. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Alikaa nacho mlangoni mpaka giza, na Alhamisi akakivaa tena.

"Kwamba ni wewe uliyekuwa unapiga, sijamwambia," Domisiana alimalizia. "Hilo ni lako."

Verediana alimtazama usoni akitafuta ile furaha aliyoihofia, japo chembe, apate kitu cha kukasirikia. Hakuiona. Domisiana aliketi kwenye mkeka akaendelea kuchambua maharage.

Bi Francisca alikuwa kwenye kiti cha kamba, simu mapajani. Verediana alimwamkia, naye akaitika marahaba kwa sauti ya mtu mwenye habari njema aliyoihifadhi. Hakuuliza kwa nini jogoo hakuwika. Aliona madaktari hawakuja, kama mwaka jana, na hao wa gari la kanisa walichanganya mambo, basi. Yeye alikuwa na jingine. Mwizi alirudi, alisema. Safari hii alikuwa king'ang'anizi kweli, alipiga Jumatatu, akapiga Jumanne kutwa, akapiga tena. Mara moja alipiga alfajiri, mtu anasali.

"Sikumpokea hata mara moja," alisema, na uso ukamng'aa. "Safari hii huna la kunifokea."

Akamnyooshea simu. Abbasi aliwahi kumwambia kuna namna ya kumfungia mtu asipige tena. Basi mwanawe msomi amfungie huyu. Verediana aliipokea. Namba ilikuwa pale, tarakimu zake zikifuatana vizuri, simu kumi na moja zisizopokelewa.

"Imeandikwa anatoka wapi?" mama aliuliza.

"Kigali."

"Loo. Na wewe ulikuwa hukohuko. Hukusikia habari zake?"

Maharage yaliacha kugonga kwenye ungo. Verediana alikaa chini, kwenye udongo, na sketi yake ya mkutanoni.

"Namfahamu, Mama," alisema.

Bi Francisca aligeuza uso kwa shauku kuielekea sauti ya mwanawe, akakosea kidogo, akawa anautazama mlango.