Simba Asiyetoa Samadi

Watu wa Nshamba wakikwambia kwamba Byabato alikuwa mjinga, usiwasikilize. Wao wenyewe ndio waliokuwa wakimkimbilia kila walipokuwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali au bibi harusi wa kufikisha kanisani. Byabato hakuwa mjinga. Alikuwa amependa, na mtu aliyependa humwambii kitu. Mkewe, Kokugonza, alilijua hilo kuliko wote, maana yeye ndiye aliyelala naye na yeye ndiye aliyelima.

Mwaka wa 1954 kahawa ilipanda hadi bei ambayo Buhaya nzima ilikuwa haijapata kuiona. Wengine walinunua mabati, wengine cherehani na baiskeli. Byabato aliuza kahawa yake yote, akaona haitoshi, akaongeza ng'ombe wake wote isipokuwa mmoja, akaenda Bukoba mjini na kurudi na gari, Pijo 203 nyeusi, yenye kichwa cha simba wa chuma kwenye boneti. Wanawake walipiga vigelegele. Kokugonza naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wote. Tusimsingizie kwamba alijua tangu mwanzo, hapana. Siku hiyo aliketi kiti cha mbele na kilemba chake, wakaenda hadi Muleba na kurudi, vumbi likiwafunika waenda kwa miguu, naye akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Byabato hakulichagua gari hilo kwa bahati. Ujanani alikuwa mpishi wa mapadri misheni, na padri mmoja Mfaransa alikuwa na kinu kidogo cha mkono cha kusagia kahawa, chenye alama ya simba. Kila asubuhi Byabato alizungusha mkono wa kinu kile, na padri akamsimulia habari za waliokitengeneza. Basi jioni, rubisi, ile pombe ya ndizi, ikishamiminwa, ilikuwa lazima wageni wasimuliwe na wao, wapende wasipende.

"Hawa watu wa Pijo," alikuwa akianza, "babu zao walikuwa na kinu cha maji cha kusagia unga huko Ufaransa. Wakakigeuza, wakaanza kufua chuma. Wakatengeneza misumeno, meno yake magumu kama ya simba, na ndiyo maana ya huyo simba mnayemwona. Halafu wakatengeneza vinu vya kahawa. Vya kahawa, mnasikia? Halafu baiskeli. Halafu magari. Sasa niambieni, Mwingereza alianza na nini? Hawa ni wenzetu. Wametoka kwenye kahawa kama sisi."

"Sisi kahawa tunatafuna," Kokugonza alikuwa akisema huku akiongeza rubisi. "Na hao wenzetu, samadi walikuwa wanaitoa wapi?"

Wanaume walicheka hadi wakashika matumbo, na Byabato akicheka pamoja nao. Wakati huo ulikuwa mzaha.

Asiyeijua Buhaya aambiwe jambo moja. Ardhi yetu ni maskini. Toka nje ya kibanja, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, uende kwenye mbuga za nyasi, panda mgomba huko, uone kama utakula. Kibanja kinazaa kwa sababu mababu walikilisha samadi ya ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, kila asubuhi kapu kichwani, na wake zao wakatandaza nyasi juu yake. Ukiacha, kibanja hakikugombezi. Kinakutazama tu, na baada ya muda kinaanza kurudi kuwa mbuga.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona kitu. Mwaka wa pili mikungu ilitoka na chane chache, vidole vyembamba. Mwaka wa tatu upepo mdogo tu ulitosha kulaza migomba chini. Kokugonza alikuwa akizoa samadi ya Bihogo, yule ng'ombe mmoja aliyebaki, akiigawa kwa viganja: huku kidogo kwenye makaburi ya wakwe zake, kule kidogo karibu na jiko. Ilikuwa kama kijiko kimoja cha uji kwa watoto saba. Alijua anajidanganya, lakini angefanya nini?

Halafu ikafika siku akaenda gulioni kununua ndizi. Mke wa mwenye kibanja cha urithi, akanunue ndizi! Alitoka alfajiri ili asikutane na mtu, na ndiyo kwanza akakutana na jirani yake Ephrasia, mwanamke mwenye ulimi usiojua kupumzika.

"Ma Kokugonza, waitu! Mkungu huo unauza au unanunua?"

"Nanunua," akajibu. Hakuwa na nguvu ya kudanganya.

Ephrasia alinyamaza. Huyo Ephrasia ambaye hakuwahi kunyamaza hata msibani, akanyamaza, akamsaidia kuutwika. Kokugonza angependa zaidi kutukanwa. Njia nzima alilia, na hakuweza kujifuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshika mkungu.

Jioni hiyo alimkuta Byabato analifuta gari kwa kitambaa, anapuliza vumbi kwenye meno ya simba.

"Baba Celina, kibanja kinakufa."

"Mvua zikija..."

"Usinitajie mvua! Mvua imenyesha kwa Ephrasia na kwetu sawasawa. Kinakufa kwa njaa. Wewe umekiuzia chakula chake ukanunua hili. Watoto wako wanakula mihogo, Byabato. Wazazi wako wamelala humo, na migomba inawaangukia. Hili gari lako linakunywa, linakula, linaoshwa kuliko mimi. Linakunya nini?"

Byabato aliketi kwenye ngazi ya mlango. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Unakumbuka mwaka ule tulipokwama njiani Kamachumu, yule Mzungu wa serikali akasimama? Nimepishana na Wazungu maisha yangu yote nikiwa kwa miguu. Wananipita kama kichaka. Siku ile alishuka, akalizunguka gari, akaniuliza, 'Bwana, linapanda vilima vizuri?' Akaniita Bwana, Kokugonza. Nikiwa na ng'ombe hakuna aliyewahi kunishukia."

Kokugonza angejua la kumjibu mlevi au mzinzi. Huyu angemjibu nini? Alimwonea huruma, na huruma ile ikamkasirisha zaidi. Akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa hasira hata siku moja.

"Mimi nakuita Bwana," alisema. "Kila siku ya Mungu. Rudisha ng'ombe."

Byabato akalia. Walilia wote wawili, gari likiwa limesimama pale linang'aa. Kisha wakakubaliana. Huko Kagoma alikuwapo mfanyabiashara wa kahawa aitwaye Clavery, mwenye ng'ombe wengi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilitamani lile gari. Alikuwa tayari kutoa mitamba sita. Byabato angelipeleka gari na kurudi kwa miguu na ng'ombe. Alikwenda kwenye kaburi la baba yake, akala kiapo huko, na Kokugonza akamsikia.

"Jambo moja," Byabato alisema asubuhi yake. "Ng'ombe wageni hawakubali njia. Wanataka mwenzao wa kuwaongoza. Clavery atamtuma mchungaji wake aje amchukue Bihogo, azoeane nao huko, kisha awatangulie kuja nyumbani."

Ni kweli, ng'ombe ndivyo walivyo, kila mfugaji anajua. Hata hivyo mchungaji alipokuja na kamba, Kokugonza aliishika ile kamba kidogo kabla ya kuiachia. Bihogo alitoka langoni bila kugeuka nyuma. Siku iliyofuata Byabato akaliwasha gari na kuondoka, akipiga honi mpaka kwenye kona.

Kokugonza hakukaa. Alifagia zizi, akarekebisha ua uliokuwa umeoza, akaenda mbugani na panga kukata nyasi, mizigo kwa mizigo, akazitandika zizini nene na laini, ili mitamba ilale vizuri na samadi isipotee hata tone. Alipanga kichwani ataanzia wapi: kwanza makaburini, halafu upande wa chini ambako migomba ilikuwa imechoka zaidi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijisikia akiimba. Alijishtukia, akacheka peke yake.

Byabato hakurudi siku aliyotazamiwa. Si kitu, ng'ombe wanakula njiani. Hakurudi siku ya pili yake. Si kitu, pengine mmoja amechechemea. Ephrasia alikuja ugani akiwa amejifunga kanga vizuri, akasimama tu.

"Shemeji yangu katoka Nyanga," alisema. "Anasema amemwona Ta Byabato huko, anaelekea mjini Bukoba."

"Na ng'ombe?"

"Hakutaja ng'ombe, mwenzangu."

"Shemeji yako macho yake mabovu. Byabato yuko Kagoma. Nyanga afuate nini?"

"Mimi nimesema nilichoambiwa." Ephrasia akalitazama zizi, zile nyasi zote. Kisha akaenda zake.

Kokugonza aliongeza mzigo mwingine wa nyasi. Kisha akaongeza mwingine.

Alasiri ya siku iliyofuata akasikia honi. Haikuwa ile aliyoizoea. Watoto walikuwa wameshatimka mbio, wanapiga kelele. Gari liliingia ugani polepole, refu, pana, jipya kabisa, rangi ya maziwa, na kwenye boneti simba. Byabato akashuka amevaa kofia mpya, uso umejaa kitu ambacho hakikuwa furaha wala hofu.

"Ni 403," alisema. "Pijo mpya kabisa, imeshuka melini mwezi huu."

Kokugonza alitazama nyuma ya gari, barabarani. Alitazama kwa muda mrefu, kana kwamba mitamba ilikuwa imechelewa kidogo tu na itatokea.

"Bihogo yuko wapi?"

"Nilimwambia Clavery asinipe ng'ombe, anipe fedha. Ikapungua kidogo." Alishusha macho. "Bihogo ndiye aliyekamilisha."

Angepaswa kupiga yowe. Wanawake wa Nshamba mpaka leo wanasema wao wangepiga yowe, wangeokota mawe. Kokugonza alitafuta yowe lile ndani yake asilione. Alikuwa ameliacha huko mbugani, kwenye zile nyasi.

Ndipo Byabato alipogeuka akaliona zizi. Ua mpya. Nyasi zilizotandikwa nene, kavu, safi, upana wa kutosha. Akavua kofia.

"Umelitandikia gari," alisema. "Nani alikwambia? Walioniona Nyanga? Ee Mungu wangu. Na mimi njia nzima moyo unanienda mbio, najua nitakukuta unalia, najiuliza nitakuambia nini. Kumbe umeshalijengea nyumba." Machozi yakamtiririka, ya kweli kabisa, akamshika mabega. "Mke wangu. Wewe peke yako ndiye umenielewa."

Angeweza kumwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini ng'ombe hawakuwapo Kagoma tena kwa ajili yake, wala Bihogo, na hakuna neno ambalo lingewarudisha. Alibaki amesimama, mikono ikining'inia, imechanwachanwa na nyasi.

Byabato akaliwasha. Gari likaingia zizini taratibu, magurudumu yakizama kwenye nyasi bila kelele, watoto wakishangilia. Akashuka, akalizunguka hadi upande wa pili, akamfungulia mlango.

"Njoo ukae wewe kwanza. Kabla ya mtu mwingine yeyote."

Alikwenda akakaa. Kiti kilikuwa laini. Kilikuwa laini kuliko kitanda chake, kuliko kitu chochote alichowahi kukalia, na hapo ndipo machozi yalipokuja. Byabato alifurahi kuyaona.

"Unaona?" alisema.

Kokugonza alitazama mbele kupitia kioo. Alipoolewa, ukisimama zizini hapo ulikuwa huoni hatua kumi mbele yako, migomba ilikuwa imesongamana hivyo. Sasa aliona makaburi, akaona mti mmoja mmoja wa kahawa, akaona mpaka kwa Ephrasia, na zaidi ya hapo mbuga ya nyasi ikianza.

"Naona," alisema.