Jeti ya Kijivu ya Kinyozi

Fundi kufuli hakumwamini mtu yeyote anayetoa kitu bila kutaja bei. Ndiyo maana kinyozi, rafiki yake wa miaka mingi, alipomwambia huku akipangusa kiti cha kunyolea, "Kama unataka jeti, chukua yangu, utanipa utakachonipa," fundi alishukuru kwa mdomo tu. Moyoni alishaanza kujiuliza jeti ile ina kasoro gani.

Wawili hawa walikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni ndege ndogo za kurushwa kwa rimoti. Kila Jumamosi walikutana kwenye uwanja wa lami ulioachwa nyuma ya maghala, pamoja na watu wazima wengine wachache, wenye kazi zao na heshima zao, wakatazama juu mpaka shingo zikakakamaa. Kinyozi ndiye aliyemfundisha fundi kurusha, kwa ndege ya propela yenye mabawa mapana. Fundi aliichimbia chini mara nyingi hata wenzake wakambandika jina la Mkulima. Kinyozi peke yake hakucheka. Aliokota vipande, akavibandika kwa gundi, akasema turudie.

Sasa Mkulima alikuwa ameiva, na alitaka jeti ya kivita. Alizitamani kwa muda mrefu, zile zenye pua iliyochongoka na vidirisha vya rubani, zinazopita juu ya kichwa zikipiga mluzi. Lakini jeti si mchezo. Haina propela ya kuonekana. Ina feni ya umeme iliyofichwa tumboni, inavuta hewa mbele na kuitema nyuma. Propela ukiiomba nguvu, inakupa papo hapo. Feni inajifikiria kwanza. Wanaoanza wengi hulikumbuka hilo wakati jeti imeshafika chini.

"Ya kinyozi ina nini?" aliuliza mkewe usiku ule wakila.

"Hilo ndilo ninalotaka kujua."

"Nimeuliza ina ubaya gani, baba watoto."

"Anaipenda kuliko kitu chochote. Mwaka jana yule mwalimu wa pale uwanjani alitaka kuinunua, akamfukuza kama mwizi. Leo ananipa mimi kama anatoa paka. Kwa nini?"

Mkewe akatikisa kichwa. "Wewe hata ukipewa salamu unaigeuza kwanza uone chini kumeandikwa nini."

Fundi hakucheka. Kazi yake ilimfunza hivyo. Mchana kutwa aliitwa na watu waliokuwa na hakika mlango wao hauwezi kufunguka, naye akaufungua kwa kipande cha waya wakiwa bado wanaeleza. Mtu aliyeona milango ya namna hiyo halali kirahisi. Zaidi ya hapo, alikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli duniani, na aliogopa sana kugundua kwamba hata huyo anaweza kumchezea shere. Afadhali angedanganywa na mgeni.

Akaenda dukani. Mama mwenye duka la ndege na magari ya rimoti alimteremshia jeti kubwa ya madoadoa ya kijeshi, yenye feni mbili, taa mabawani na magurudumu yanayojikunja. Fundi akaipakata, macho yakamlegea.

"Rudisha hiyo," mama akasema. "Hiyo ni ya kuoa mke wa pili. Ya kwanza isiwe ya sura. Iwe ndogo, feni moja, bawa nene lililonyooka, magurudumu yasiyojikunja. Hizi zenye mabawa membamba ukizipunguzia mwendo kidogo tu zinakufa hewani."

"Unayo ya namna hiyo?"

"Ninayo. Lakini kama kinyozi anauza ile ya kijivu, chukua ile. Imeshazoea kuruka. Mwenyewe alikuja hapa juzi kuniulizia betri mpya ya kukuwekea."

Fundi akaiweka chini ile ya madoadoa taratibu. Mfanyabiashara anamwambia mteja akanunue kwingine? Na betri mpya ya nini kama ya zamani ilikuwa nzima? Akatoka akiwa na hakika kwamba hawa wawili wana lao jambo.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa kinyozi kuikagua. Jeti ilikuwa juu ya meza, imefutwa vumbi. Mwili wake ulikuwa wa povu gumu, kama lile linalofungiwa televisheni katika katoni. Fundi akapitisha vidole polepole, anavyopapasa kitasa asichokijua. Chini ya pua rangi ilikuwa mpya. Alipofungua kifuniko cha betri akaona kipande cha madini ya risasi kimegandishwa mbele kwa gundi.

"Hiki cha nini?"

"Kusawazisha pua. Bila uzito huo mkia unaishinda pua, inaanza kurukaruka. Nimekuwekea kwa sababu betri mpya ni nyepesi."

"Na rangi?"

"Ilikwaruzwa kwenye kutua."

"Ilikwaruzwa tu?"

"Ilikwaruzwa, fundi."

Jibu lilikuwa fupi mno. Fundi akamwangalia vizuri. Kinyozi alikuwa amesimama na mikono ndani ya mifuko ya koti, ndani ya nyumba, siku ya joto. Hata chai hakuimimina yeye. Alimwita binti yake aje kumimina. Na sasa fundi alikumbuka jambo jingine: kule dukani kwa kinyozi siku hizi wembe haukuonekana, wateja wote walinyolewa kwa mashine, na ukiuliza unaambiwa wembe umepitwa na wakati. Mtu anabadilika tabia zote kwa mkupuo, anaficha mikono, anauza anachokipenda. Fundi akajumlisha, akapata jibu: rafiki yake ana shida, na ameamua kuimaliza kwa kumtupia yeye mzoga uliopakwa rangi.

Iliuma. Aliondoka bila kugombana, kwa sababu alijua ukweli utapatikana wapi.

Pale uwanjani walikuwa na desturi yao, nayo ilikuwa kali kuliko sheria. Anayeuza ndege huirusha kwanza mwenyewe, mbele ya watu, mzunguko mmoja. Ikitua salama, mnunuzi anatoa mkono, biashara imekwisha. Ikianguka, hasara ni ya muuzaji. Mnunuzi akiigusa rimoti kabla ya mzunguko huo kwisha, basi ameshainunua, iwe nzima, iwe majivu.

Jumamosi ilipofika kinyozi alikuja ameikumbatia jeti kifuani kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mwalimu alikuwepo, na karani wa posta, na muuza vioo. Kinyozi akamvuta fundi pembeni.

"Leo rusha wewe moja kwa moja. Mimi nitasimama begani kwako, nikwambie kila kitu."

"Si desturi."

"Mimi na wewe tuna haja gani ya desturi?"

Hapo ndipo fundi alipopata hakika. Damu ikampanda. "Kama ni nzima, unaogopa nini?" Akaipaza sauti, makusudi, wenzake wasikie. "Irushe, bwana. Wote hapa huwa tunarusha. Au ina kitu ambacho hutaki kionekane?"

Watu wakageuka. Kinyozi akaikaza zaidi jeti kifuani. Mwalimu, ambaye bado alikuwa na kinyongo cha mwaka jana, akasema, "Haki yake mnunuzi." Kinyozi akaiweka jeti kwenye lami, akaitoa rimoti mkobani.

Iliondoka vizuri. Feni ikapiga mluzi wake, ikakimbia, ikanyanyuka bila kuyumba, na kwa kitambo kidogo fundi akasahau hasira zake zote, kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Hakuna mzoga unaoruka vile. Kisha ikafika mwisho wa uwanja, ikaanza kukata kona, na mabawa yakaanza kutikisika. Likalala hili, likalala lile. Pua ikashuka, ikapanda.

Fundi akatafuta kasoro angani. Akatafuta mkiani, mabawani. Akachelewa kutazama karibu. Vidole vya kinyozi vilikuwa vinacheza juu ya vijiti vya rimoti, vinatetemeka vyenyewe, na kadiri alivyovikaza ndivyo vilivyozidi.

"Shika," kinyozi akasema. Akamnyooshea rimoti. "Shika, fundi, shika wewe!"

Fundi alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Angeweza. Alishafunzwa, alikuwa ameiva, na jeti ilikuwa bado na urefu wa kutosha wa kuokolewa. Lakini kichwani mwake sauti moja ilimwambia, huo ndio mtego wenyewe: ukigusa tu, umenunua. Fundi akarudi nyuma, akaweka mikono mgongoni.

Kinyozi akasukuma kijiti cha mwendo mpaka mwisho. Feni ikajifikiria. Jeti ikaingia kwenye lami kwa pua, ikapasuka, mabawa yakaenda kila moja na njia yake.

Kinyozi akabaki ameishika rimoti mbele yake, nayo ikigongana na vifungo vya koti lake, tik-tik-tik, kila mtu akisikia. Hakuwa na mfuko wa kuificha mikono tena.

"Daktari anasema mikono hii haitapona," akasema, kama anayezungumza na lami. "Wembe niliuacha kwanza. Na jeti hii nikaona niiache mikononi mwa mtu. Sikuwa nakuuzia, fundi. Ungenipa hata ahsante ingetosha. Nilitaka niione ikiruka."

Fundi alitaka kusema mbona hukuniambia, lakini alilijua jibu. Nani angemwambia neno lolote mtu kama yeye, aligeuzegeuze kwanza?

Mwalimu akakohoa. "Eeh, kinyozi. Ile miadi yetu ya kuninyoa leo jioni... labda nipitie wiki ijayo." Karani wa posta akasema hata yeye, sasa amekumbuka, ana wageni. Wakaanza kufungasha vitu vyao bila kutazamana. Kinyozi akawaitikia kila mmoja kwa adabu, haya, haya, wiki ijayo, na fundi akasikia duka zima la rafiki yake likifungwa pale uwanjani, naye ndiye aliyelifunga.

Walibaki wawili. Kinyozi alikwenda kuinama kwenye vipande, akaokota bawa likamponyoka, akaliokota tena. Fundi akamfuata.

"Nipe nikubebee," akasema.

Kinyozi akamnyooshea rimoti.

"Beba hii. Sasa haina hatari."

Fundi akaipokea kwa mikono yote miwili.