Daktari Nusu

Niliporudi kutoka masomoni, baada ya miaka miwili, nilipewa koti refu jeupe na ruhusa ya kupima wagonjwa, kuwaandikia dawa na kuwaruhusu kwenda nyumbani. Wauguzi wenzangu wakanibandika jina: Daktari Nusu. Nilicheka nao, lakini liliniuma. Nusu ya nini? Cheti sikukiokota jalalani.

Zamani, saa ya kupokezana zamu, mimi na shoga yangu, muuguzi mwenzangu kwa miaka kumi na mmoja, tulipita kitanda hadi kitanda tukinong'onezana yale yasiyoandikwa: huyu kagoma kula, yule kalia asubuhi nzima. Siku hizi saa hiyo niko na madaktari, faili mkononi. Shoga akaanza kuniita "bosi", na si kila mara alikuwa anatania.

Kwenye kitanda cha sita alilazwa bibi mwenye kidonda kibaya mguuni. Nilimwandikia sindano kali ya kuua vijidudu, dawa ambayo isipoangaliwa huharibu figo. Nililijua hilo vizuri. Jumatatu vipimo vya damu vilikuja safi, moyo wangu ukatulia. Jumanne nilisoma faili, nikamgusa mguu.

"Umepoa, mwanangu," akasema.

Nikaandika sindano iendelee. Mfuko wake wa mkojo ulining'inia upande wa pili wa kitanda. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyeinama kuumwaga. Siku hiyo sikuinama.

Alhamisi uso ulimvimba, akawa ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Tulisimamisha dawa, tukahangaika naye, wapi. Jumamosi mchana alifariki.

Nilimkuta shoga kwenye chumba cha mashuka.

"Uliona mkojo wake umepungua?"

"Tangu Jumanne asubuhi. Niliandika kwenye karatasi ya kitandani."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Aliendelea kukunja shuka. "Ungekuwa daktari, ningekukimbilia. Ungekuwa mwenzangu, ningekunong'oneza. Niliogopa utaniambia umeshaona."

Nilitaka kumtukana, nikakumbuka. Wiki moja kabla alinionyesha mgonjwa anayehema vibaya, nami nikamjibu mbele za watu, "Nimeshaona, mama. Kazi yangu naijua." Hata sikuwa nimeona. Niliona aibu kuonyeshwa, basi.

Binti wa bibi alikuwa kwenye benchi la korido, mfuko wa nguo za mama yake mapajani. Aliponiona akainuka, akanishika mikono yote miwili.

"Asante, daktari. Mama alikusifu sana. Alisema wewe ndiye unayemwangalia kuliko wote."

Mkuu wangu alishaniambia niseme figo zilichoka, uzee, basi. Ningeweza. Nilitamani mno kuipokea asante ile na kuondoka zangu.

"Kaa, mdogo wangu," nikamwambia. "Nina neno la kukwambia, na nikishalisema hutataka kunishika mikono."

Akaketi, bado amenishika.